Beta ya plazma

Beta ya plazma (alama yake ni herufi ya Kigiriki β) ni uwiano kati ya kanieneo ya plazma na kanieneo ya uga sumaku unaoishikilia. Ni namba tupu isiyo na kizio, na mara nyingi huandikwa kwa asilimia. Beta ya 3% humaanisha kwamba kanieneo ya plazma ni sehemu 3 tu kati ya 100 za kanieneo ya uga sumaku.

Kipimo hiki hutumiwa hasa katika utafiti wa myeyungano wa kinyuklia, yaani jitihada za kuzalisha nishati duniani kwa njia inayofanana na ile ya Jua. Hutumiwa pia katika elimu ya Jua, ya anga-nje na ya nyota. Kwa wahandisi wa myeyungano, beta hujibu swali la gharama: sumaku kubwa zilizojengwa kwa fedha nyingi zinashikilia plazma kiasi gani? Beta ikiwa ndogo mno, mitambo huwa ghali kuliko umeme utakaopatikana. Ikiwa kubwa mno, plazma hukosa uthabiti na kuponyoka.

Hakuna mita inayoonyesha beta moja kwa moja. Hukokotolewa kutokana na vipimo kadhaa vya aina tofauti, na thamani yake huaminika pale vipimo hivyo vinapokubaliana.

## Maana na fomula

### Kanieneo ya plazma

Plazma, inayoitwa pia utegili, ni gesi yenye joto kali kiasi kwamba elektroni zimebanduka kutoka kwenye atomu zake. Hubaki mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi na ioni zenye chaji chanya. Kama ilivyo kwa gesi yoyote, chembe hizi hukimbia huku na huko, na mwendo huo ndio unaozaa kanieneo (shinikizo). Upepo ndani ya tairi la baiskeli hufanya kazi kwa namna hiyohiyo: molekuli za hewa hupiga kuta za tyubu mfululizo, na jumla ya mapigo hayo huhisiwa kama ugumu wa tairi.

Kanieneo ya plazma hutegemea mambo mawili: idadi ya chembe katika kila mita ya ujazo (n) na halijoto yake katika kelvini (T). Fomula yake ni:

p = n × k × T

Hapa k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann, yaani 1.38 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini. Hesabu hufanywa mara mbili, kwa elektroni na kwa ioni, kisha majibu hujumlishwa.

### Kanieneo ya uga sumaku

Plazma ya myeyungano ina halijoto ya zaidi ya digrii milioni 100, na hakuna chombo kinachoweza kuigusa na kubaki salama. Kugusana na ukuta pia huipoza plazma yenyewe papo hapo. Kwa sababu hiyo hushikiliwa kwa uga sumaku. Chembe yenye chaji haiwezi kukatiza mistari ya uga kwa urahisi. Huuzunguka mstari kama mbuzi anavyozunguka kigingi alichofungiwa, ingawa inaweza kukimbia bila kizuizi kuufuata mstari wenyewe.

Uga sumaku unaposongamana husukuma kana kwamba nao ni gesi iliyobanwa. Kanieneo yake hupatikana kwa fomula ifuatayo:

pₛ = B² ÷ 2μ₀

B ni ukali wa uga katika tesla, na μ₀ ni namba isiyobadilika yenye thamani ya 4π × 10⁻⁷. Uga wa tesla 1 una kanieneo ya paskali 398,000 hivi, yaani karibu mara nne ya kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari. Kwa kuwa B iko katika kipeo cha pili, kuongeza uga mara mbili huongeza kanieneo mara nne.

### Beta

Kwa hiyo:

β = p ÷ (B² ÷ 2μ₀)

### Mfano wa hesabu

Plazma ina elektroni 10²⁰ katika kila mita ya ujazo, na ioni idadi hiyohiyo. Halijoto ya zote ni kelvini milioni 100. Uga sumaku ni tesla 5.3.

- Kanieneo ya plazma: 2 × 10²⁰ × 1.38 × 10⁻²³ × 10⁸ = paskali 276,000.
- Kanieneo ya uga: 5.3² ÷ (2 × 4π × 10⁻⁷) = takriban paskali 11,200,000.
- Beta: 276,000 ÷ 11,200,000 = 0.025, yaani 2.5%.

Matokeo haya yana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, plazma yenye digrii milioni 100 ina kanieneo ya atmosfia 2.7 tu, inayokaribia upepo wa tairi la baiskeli. Sababu ni kwamba ni nyembamba mno: hewa ya kawaida ina molekuli takriban mara 250,000 zaidi ya idadi ya elektroni zake katika ujazo uleule. Pili, ili kushikilia atmosfia hizo chache, sumaku zinatoa kanieneo ya atmosfia 110.

## Umuhimu katika myeyungano

Mafuta yanayotarajiwa kutumika katika mitambo ya kwanza ni deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni. Viini vyake vikiungana hutoa heliamu, nyutroni na nishati nyingi. Katika halijoto ya digrii milioni 100 hadi 200, nguvu inayozalishwa katika kila mita ya ujazo huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha kanieneo ya plazma. Kwa kuwa kanieneo hiyo ni sawa na beta mara kanieneo ya uga, nguvu ya myeyungano hulingana na:

β² × B⁴

Fomula hii fupi ndiyo inayoongoza usanifu wa mitambo mingi. Kuongeza beta mara mbili, bila kubadilisha sumaku, huongeza nguvu mara nne. Kuongeza uga mara mbili, bila kubadilisha beta, huongeza nguvu mara kumi na sita.

Njia ya pili inaonekana bora, lakini ina vikwazo. Sumaku zenyewe husukumwa na uga zinaoutengeneza. Katika mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, uga kwenye koili hufikia tesla 11.8, sawa na kanieneo ya zaidi ya atmosfia 500. Mtambo huo una koili 18 za aina hiyo, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 17, na hupozwa hadi takriban nyuzi -269 za selsiasi ili umeme upite bila ukinzani. Vyuma vya kuzishika, mitambo ya kuzipoza na nyaya zenyewe ni sehemu kubwa ya gharama. Ndiyo maana watafiti huuliza kwanza kama uga uliopo unatumika ipasavyo, na beta ndiyo jibu la swali hilo.

## Namna ya kupima

Ukali wa uga sumaku hujulikana kwa urahisi, kwa sababu mkondo unaopita kwenye koili na umbo la koili vinafahamika. Ugumu uko kwenye kanieneo ya plazma. Zipo njia kuu tatu.

### Kitanzi cha diamagneti

Kila chembe inayozunguka mstari wa uga ni mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hutengeneza uga wake ulio kinyume na uga wa nje. Chembe zikiwa nyingi na zenye joto, uga ndani ya plazma hupungua. Tabia hii ya kupunguza uga huitwa diamagneti. Kadiri kanieneo ya plazma inavyopanda, ndivyo uga wa ndani unavyoshuka.

Ili kupima upungufu huo, waya hufungwa kama mkanda kuzunguka chombo chenye plazma. Plazma inapopata joto, uga unaopita ndani ya kitanzi hubadilika na kuzalisha volti kidogo kwenye waya, kwa kanuni ileile ya Faraday inayoendesha dainamo ya baiskeli. Saketi maalumu hujumlisha volti hizo kwa muda wote wa jaribio, na jumla yake hutoa badiliko la uga.

Kwa plazma iliyonyooka kama bomba, kanieneo ya plazma pamoja na ya uga wa ndani ni sawa na kanieneo ya uga wa nje. Hivyo beta ya 2.5% hupunguza uga wa ndani kwa takriban 1.3%: kutoka tesla 5.3 hadi tesla 5.23.

Katika tokamaki, yaani mtambo wenye umbo la tyubu ya tairi ambamo mkondo mkubwa wa umeme hupitishwa ndani ya plazma, kipimo ni kigumu zaidi. Mkondo huo nao hubana plazma na kuongeza uga wa ndani, kinyume na athari ya diamagneti. Athari hizo mbili huweza kukaribia kufutana, na kinachobaki huwa kidogo sana. Kitanzi kikiwekwa upande hata kwa kiasi kidogo hupokea uga wa koili nyingine. Mtikisiko wa chombo na mikondo inayopita kwenye kuta zake pia huleta makosa. Kwa kawaida huwekwa koili ya pili ambayo haihisi plazma, ili usomaji wake utolewe kwenye usomaji wa kwanza.

Faida ya kitanzi ni urahisi wake na kwamba hakiigusi plazma. Kasoro yake ni kwamba hutoa jumla tu. Hakionyeshi kanieneo iko wapi ndani ya plazma, wala ni chembe zipi zinazoibeba.

### Kupima halijoto na idadi ya chembe

Njia ya pili ni kupima n na T kila moja peke yake, mahali baada ya mahali, kisha kuzidisha.

Kwa elektroni hutumika mwali wa leza. Mwanga wa leza una rangi moja safi. Ukipita ndani ya plazma, sehemu ndogo mno hutawanywa na elektroni. Tukio hili huitwa mtawanyiko wa Thomson. Kwa kuwa elektroni zinakimbia, rangi ya mwanga uliotawanywa hupanuka: kadiri zinavyokimbia kasi, ndivyo upana unavyoongezeka. Upana wa rangi hutoa halijoto, na wingi wa mwanga hutoa idadi ya elektroni.

Kwa ioni hutazamwa mwanga unaotolewa na chembechembe za kaboni au elementi nyingine zilizomo kwenye plazma. Mistari ya mwanga huo hupanuka kutokana na mwendo wa ioni, kwa athari ya Doppler, ileile inayobadilisha sauti ya honi ya gari linapopita.

Njia hii hutoa picha ya ndani, lakini inahitaji vifaa vingi na vya bei kubwa. Pia haihesabu vizuri chembe za kasi sana ambazo bado hazijagawana nishati yake na nyingine.

### Koili za ukutani na hesabu ya umbo

Plazma yenye kanieneo kubwa husogea kidogo kuelekea upande wa nje wa tyubu. Msogeo huu huitwa msogeo wa Shafranov, kutokana na jina la mwanafizikia Mrusi Vitaly Shafranov. Koili ndogo nyingi hupangwa ukutani kuzunguka plazma na kupima uga katika kila sehemu. Kompyuta kisha hutafuta umbo la plazma na mgawanyo wa kanieneo unaoweza kuzalisha usomaji huo wote kwa pamoja. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni EFIT, iliyotengenezwa nchini Marekani katika miaka ya 1980.

### Kulinganisha

Vipimo vya njia hizi havitarajiwi kufanana kabisa, na tofauti yenyewe ina maana. Kitanzi cha diamagneti kikionyesha kanieneo kubwa kuliko leza na mwanga wa ioni, huenda zipo chembe za kasi ambazo njia ya pili haikuzihesabu. Tofauti hiyo ikizidi kiasi kinachoelezeka, watafiti hukagua vifaa kabla ya kutangaza matokeo.

## Historia: shaka juu ya T-3

Umuhimu wa kupima kwa njia mbili ulionekana wazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo fani ilikuwa na kumbukumbu chungu. Mnamo Januari 1958 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba mtambo wao ZETA huko Harwell ulielekea kuzalisha nyutroni za myeyungano. Miezi michache baadaye walilazimika kurekebisha tangazo hilo, kwani nyutroni hizo hazikutokana na joto la plazma.

Mwaka 1968, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Novosibirsk, Lev Artsimovich na wenzake wa Taasisi ya Kurchatov ya Moscow walieleza kwamba tokamaki yao T-3 ilifikia halijoto ya elektroni ya takriban digrii milioni 10. Hakuna mtambo mwingine wa aina hiyo uliokuwa umekaribia matokeo hayo. Lakini ushahidi wao mkuu ulitokana na kipimo cha diamagneti, na hapo ndipo shaka ilipoanzia. Kitanzi hupima jumla ya kanieneo tu. Wataalamu wa Magharibi walisema huenda elektroni chache zilizokimbia kwa kasi kubwa mno ndizo zilizoongeza usomaji, huku plazma kwa jumla ikiwa na joto dogo.

Artsimovich aliwaalika Waingereza wa maabara ya Culham waje kupima wenyewe. Lilikuwa jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa ilikuwa enzi ya Vita Baridi. Kikundi kilichokuwa na Nicol Peacock na Derek Robinson kilisafirisha leza na vifaa vyake hadi Moscow. Mwaka 1969 walipima mtawanyiko wa Thomson ndani ya T-3 na kuthibitisha kwamba elektroni zilikuwa na joto karibu na lile lililotangazwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Novemba mwaka huohuo.

Athari yake ilikuwa ya haraka. Maabara ya Princeton nchini Marekani ilibadilisha mtambo wake wa aina nyingine na kuufanya tokamaki mwaka 1970, na nchi nyingine zilifuata. Tokamaki ikawa njia kuu ya utafiti wa myeyungano hadi leo. Kitanzi cha Warusi hakikuwa kimekosea, ila kilihitaji shahidi wa pili.

## Kikomo cha beta

Beta haiwezi kuongezwa bila mwisho. Kanieneo ikizidi, plazma huanza kujikunja kama bomba la mpira lililofunguliwa maji kwa nguvu, au huvimba upande wa nje wa tyubu ambako uga ni dhaifu. Katika tokamaki hali hiyo inaweza kuishia kwenye mvurugiko, ambapo plazma yote hupotea kwa sehemu ndogo ya sekunde na nishati yake kuangukia kuta za chombo. Katika mtambo mkubwa, tukio kama hilo linaweza kuharibu vifaa.

Mwaka 1984 Francis Troyon na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walichapisha matokeo ya hesabu za kompyuta yaliyoonyesha kwamba kikomo hicho hufuata kanuni rahisi:

β ya juu kabisa (kwa asilimia) = 2.8 × I ÷ (a × B)

I ni mkondo wa plazma katika mamilioni ya ampea, a ni nusu ya upana wa plazma katika mita, na B ni uga katika tesla. Majaribio mengi yalikubaliana na kanuni hii, ingawa baadhi ya mitambo imepita namba 2.8.

Kwa ITER, mkondo uliopangwa ni ampea milioni 15, a ni mita 2.0 na uga ni tesla 5.3. Kanuni ya Troyon hutoa kikomo cha takriban 4.0%. Mpango wa kawaida wa ITER ni kufanya kazi kwenye takriban 2.5%, ili kubaki mbali na ukingo wa hatari.

## Aina za beta

Maandiko ya kitaalamu hutumia beta za namna kadhaa, na kuzichanganya huleta makosa katika kulinganisha mitambo.

- Beta ya toroidi hutumia uga unaozunguka tyubu kwa urefu wake, ule unaotengenezwa na koili kubwa.
- Beta ya poloidi hutumia uga unaotengenezwa na mkondo wa plazma wenyewe. Uga huu ni dhaifu zaidi katika tokamaki za kawaida, hivyo beta hii huwa kubwa na inaweza kuzidi 1.
- Beta iliyosawazishwa hupatikana kwa kugawanya beta ya toroidi kwa I ÷ (a × B). Huonyesha umbali uliobaki kufikia kikomo cha Troyon.
- Beta ya wastani huhusu plazma yote, na beta ya mahali huhusu sehemu moja tu. Katikati ya plazma, beta huwa kubwa kuliko wastani.

Ni muhimu pia kujua uga uliotumika katika hesabu. Mara nyingi huchukuliwa uga ambao ungekuwapo katikati ya chombo kama plazma isingekuwapo.

## Beta katika mitambo mbalimbali

- Tokamaki za kawaida hufanya kazi kwenye asilimia chache. DIII-D ya San Diego, Marekani, imewahi kupita 10%.
- Tokamaki za mviringo zina umbo la chungwa lililotobolewa katikati badala ya tyubu nyembamba. START ya Culham, Uingereza, iliyofanya kazi katika miaka ya 1990, ilifikia beta ya toroidi ya takriban 40%. Uga wake ulikuwa dhaifu, hivyo asilimia hiyo kubwa haikumaanisha kanieneo kubwa ya plazma.
- Stelareta hushikilia plazma kwa koili zilizopindwa, bila kuhitaji mkondo mkubwa ndani ya plazma. LHD ya Toki, Japani, ilifikia wastani wa takriban 5%. Wendelstein 7-X ya Greifswald, Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 2015, ilisanifiwa kwa beta ya kiwango kama hicho.
- Mitego ya kioo cha sumaku ni mabomba yaliyonyooka yenye uga mkali kwenye ncha zote mbili. Mtambo wa Novosibirsk, Urusi, umefikia takriban 60% katika sehemu zake.

Mfano wa START unaonyesha kwamba beta peke yake haitoshi kuupa mtambo alama. Uga dhaifu wenye beta kubwa unaweza kuzaa nguvu ndogo kuliko uga mkali wenye beta ndogo. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems ya Marekani, kwa mfano, imechagua njia ya uga mkali: mwaka 2021, pamoja na chuo cha MIT, ilijaribu sumaku ya aina mpya iliyofikia tesla 20.

## Beta nje ya maabara

Plazma za asili zina beta za viwango tofauti sana, na mbili kati yake zina uhusiano na Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni ayonosfia, tabaka la hewa ya juu ambalo mwanga wa Jua huligeuza kwa sehemu kuwa plazma. Uga sumaku wa Dunia katika miji ya Tanzania kama Mpanda na Dodoma ni takriban mikrotesla 33 tu, maelfu ya mara dhaifu kuliko wa tokamaki. Hata hivyo, kwenye kimo cha kilomita 300 plazma ni nyembamba kiasi kwamba beta yake ni takriban 1 kwa 10,000. Uga ndio mtawala, na plazma hulazimika kufuata mistari yake. Wakati wa mchana plazma huinuliwa juu ya ikweta ya sumaku, ambayo katika ukanda huu hupita Ethiopia, kisha huteleza kwenye mistari ya uga kuelekea kaskazini na kusini. Matokeo yake ni vilele viwili vya plazma nzito, na kile cha kusini huangukia karibu na Kenya na Tanzania. Plazma hiyo huchelewesha mawimbi ya setilaiti na kuongeza makosa katika vipimo vya GPS. Setilaiti ya San Marco 2, iliyorushwa mwaka 1967 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ilibeba vifaa vya kuchunguza hewa ya juu katika ukanda wa ikweta.

Ya pili iko mbali sana. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo na kupewa jina la Uhuru. Ilionyesha kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana. Baadaye ilithibitika kwamba eksirei hizo hutoka kwenye plazma ya mamilioni ya digrii iliyojaa kati ya galaksi. Huko beta hukadiriwa kuwa takriban 100: kanieneo ya plazma ni kubwa mara mia kuliko ya uga. Haishikiliwi na sumaku bali na graviti.

Mitambo ya myeyungano iko kati ya hali hizi mbili. Haina graviti ya kusaidia, kwa hiyo plazma yake inaweza kushikiliwa tu kwa uga unaoizidi kanieneo, na kila asilimia ya beta inayopatikana kwa usalama hupunguza ukubwa wa sumaku zinazohitajika.

## Tazama pia

- Plazma
- Myeyungano wa kinyuklia
- Tokamaki
- Uga sumaku
- Ayonosfia
- Uhuru (setilaiti)